Sumu ya ghalani, sukari ya chupani: Je, serikali ituchagulie chakula?

Mwezi uliopita nilikwenda Matiliku, katika eneo la Nzaui, kaunti ya Makueni, kumjulia hali mama yangu. Nikapitia dukani kununua kiberiti na sukari. Mwenye duka ni mzee anayenijua tangu nikivaa kaptula ya shule. Alikuwa amesikia redioni kwamba kuna wataalamu wanaotaka soda iongezwe ushuru, na pakiti za vyakula vyenye chumvi, sukari na mafuta mengi zitiwe alama ya onyo upande wa mbele. Hakupendezwa hata kidogo.

"Mwanangu daktari," akaniambia huku akinipimia sukari, "kwani nyinyi na serikali mmekosa kazi? Mtu akinywa soda, pesa ni zake na tumbo ni lake. Leo ni soda. Kesho mtaingia jikoni kwangu kuhesabu chumvi anayotia mke wangu!"

Ndugu msomaji, nilicheka, lakini swali la mzee huyu si la kuchekwa. Wagonjwa wangu wa mjini huniuliza lilo hilo, ila kwa maneno yaliyopigwa pasi. Mtu mzima mwenye akili timamu, kwa nini asiachiwe ale anachotaka? Nitajaribu kulijibu leo, na naomba uniruhusu nianze na mahindi kabla ya kufika kwenye soda, kwa kuwa watu wa Ukambani walilipia jibu la swali hili kwa maisha yao.

Ulikuwa mwaka wa 2004. Mvua ilinyesha wakati mahindi yakivunwa, wakati ambapo kwa kawaida jua huwa kali. Watu walikuwa wametoka katika kiangazi na hakuna aliyetaka kuacha chakula kioze shambani au kiibwe. Wakavuna mahindi yakiwa mabichi mabichi, wakayaingiza ndani ya nyumba na kuyarundika sakafuni. Kuanzia Aprili hospitali zikaanza kupokea wagonjwa wenye macho ya manjano, waliotapika, waliovimba tumbo na miguu. Hadi kufikia Julai, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Ni karibu wanne katika kila wagonjwa kumi. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Wengine Machakos na Thika. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, sumu iyo hiyo iliua watu 12.

Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Hutengenezwa na aina ya kuvu inayopenda joto na unyevu, na ambayo huvamia upesi mahindi yaliyodhoofishwa na ukame yangali shambani. Kuna mambo mawili kuihusu ambayo kila mpishi anapaswa kuyajua. Kwanza, kuichemsha hakuiondoi; ugali uliopikwa ukaiva barabara unaweza kuwa na sumu karibu sawa na unga uliotoka nao. Pili, punje inaweza kuonekana safi kwa macho na isiwe na harufu wala ladha yoyote ya kukushtua. Anayeila kwa wingi katika muda mfupi ini lake hufa. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi huliweka ini lake katika hatari ya saratani, hasa akiwa pia na virusi vya homa ya ini ya aina ya B.

Kiwango kilichoruhusiwa nchini wakati huo kilikuwa mikrogramu 20 katika kila kilo ya mahindi, sawa na kusema punje 20 kati ya punje bilioni moja. (Baadaye kiliteremshwa hadi 10.) Wataalamu walipokusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko 65 katika wilaya nne zilizoathirika, zaidi ya nusu zilipita kiwango hicho, na nyingine chache zilipita mikrogramu 1,000. Sasa niambie, ni mnunuzi gani angesimama mbele ya debe la mahindi sokoni, akayatazama, akachagua lisilo na sumu?

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa udaktari. Nilikuja nyumbani likizo nikiwa na maarifa mapya na kiburi kingi, nikamwambia mama gunia lililokuwa kwenye kona litupwe siku iyo hiyo. Mama alinitazama kwa muda mrefu. "Nikishalitupa," akasema, "tutakula madaftari yako?" Gunia likabaki. Lilitoka siku kadhaa baadaye, serikali ilipoanza kugawa mahindi ya msaada ili watu waachane na yale yenye sumu. Mama alipoona gunia jipya, alilitoa la zamani mwenyewe, bila kuhimizwa na mtu.

Tangu siku hiyo, mtu akinitajia "uhuru wa kuchagua chakula", mimi huuliza kwanza: huyo anayechagua anaona anachokichagua? Na je, ana kingine cha kuchagua? Mama yangu hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili. Hakuwa mjinga wala mkaidi. Alipima kifo cha njaa alichokijua dhidi ya kifo ambacho hakuwahi kukiona, akachukua uamuzi ambao wewe na mimi pia tungeuchukua.

Kwa vitu visivyoonekana kwa macho, sijawahi kukutana na Mkenya anayesema serikali ikae kando. Na kwa kweli serikali imo katika chakula chetu kwa miaka mingi kuliko tunavyofikiri. Tangu 1978 sheria imewataka wenye viwanda vya chumvi watie madini ya joto, yaani ayodini, ili kuzuia rovu na kudumaa kwa akili za watoto. Mwaka wa 2012 sheria iliwataka wasagaji wa unga wa mahindi na wa ngano waongeze vitamini na madini, na watengenezaji wa mafuta ya kupikia waongeze vitamini A. Mzee wa dukani kwetu ameuza chumvi yenye ayodini karibu maisha yake yote. Nilipomwambia hivyo alishangaa, akaligeuza pakiti na kulitazama kama mtu aliyeletewa barua ya zamani.

"Hiyo ni sawa," akasema, "lakini sukari ya soda si siri. Mtu anaionja kwa ulimi wake."

Hapo mzee ana hoja, lakini ni nusu ya hoja. Ulimi huonja utamu; hauhesabu. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ya kawaida ina takribani gramu 53 za sukari, yaani vijiko vidogo kama 13. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida. Mtu akikutilia vijiko 13 katika kikombe cha chai mbele ya macho yako, utadhani anakutania. Ndani ya chupa vinapita kwa sababu kinywaji ni baridi, kina gesi na kina asidi, na mambo hayo matatu huuficha utamu. Kisha tumezoea kuhesabu sukari ya chai peke yake, kana kwamba ile ya chupani iliingia tumbo jingine.

Chumvi ndiyo yenye hila zaidi. Inashauriwa mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kimoja kidogo. Wengi wetu tunaijua ile tunayoinyunyiza kwenye kachumbari au chipsi. Iliyo kwenye mkate, soseji, majani ya viazi ya pakiti na vile vidonge vya kukolezea mchuzi hatuijui. Chukua mkate. Nchini Afrika Kusini sheria iliyoanza kazi Juni 2016 iliwakataza waokaji kupita miligramu 400 za sodiamu katika gramu 100 za mkate, na mwaka wa 2019 kiwango hicho kikashushwa hadi 380. Hata mkate unaotimiza ule mpaka wa kwanza, ukiwa wa gramu 400, una gramu nne za chumvi. Sijasikia mtu akisema mkate ni chakula cha chumvi.

Nilikuwa na mgonjwa, dereva wa bodaboda mwenye umri wa miaka thelathini na ushei. Alikuja kwa sababu ya kichwa kilichomuuma majuma mawili. Mapigo ya damu yake yalisoma 190 juu na 120 chini. Hakuwa mlevi wala mvutaji sigara, na hakuwa mnene wa kutisha. Nilimuuliza anakula nini. Asubuhi chai na mkate. Mchana chipsi na smoki kando ya barabara pamoja na soda, kwa kuwa ndicho chakula ambacho mtu hula akiwa amekalia pikipiki. Jioni anakula kwake. Nikamwambia apunguze chumvi. Akanijibu kwa heshima kwamba nyumbani mke wake hutia chumvi kidogo sana. Alikuwa akisema kweli. Chumvi yake ilikuwa inaliwa barabarani, na hakuna aliyempa karatasi ya kuihesabu.

Yeye si wa peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Asilimia 27 walikuwa na uzito kupita kiasi au unene wa kupindukia. Haya si magonjwa ya matajiri tena, ikiwa yaliwahi kuwa yao.

Na hapa lile neno "tumbo ni lake" linaanza kuyumba. Mwaka wa 2016 kaunti ya Makueni ilianzisha mpango wa matibabu ambapo jamii nzima ya nyumba moja ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Ulisifiwa kote nchini, na kwa haki. Lakini mpango wowote wa namna hiyo, uwe wa kaunti au wa taifa, ni mfuko mmoja. Figo zikifa kwa shinikizo la damu, mgonjwa anahitaji kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa juma, kila juma, maisha yake yote au hadi apate figo nyingine. Hulipwa na mfuko wetu sote, na aliyetia chumvi kiwandani hachangii zaidi ya mwingine.

Basi ushuru je? Hapa nitasema ninalofikiri. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka wa 2015 ilipotungwa, iliyaweka maji ya chupa na soda katika fungu moja: shilingi tano kwa kila lita. Maji matupu na kinywaji chenye vijiko 13 vya sukari vilitozwa sawa! Huo ni ushuru wa kujaza hazina tu. Uingereza ilifanya tofauti. Mnamo Aprili 2018 ilianza kutoza vinywaji kulingana na sukari iliyomo: chini ya gramu tano katika mililita 100 hulipi kitu, ukifika tano unalipa, ukifika nane unalipa zaidi. Kampuni nyingi hazikungoja siku hiyo; zilipunguza sukari mapema ili zikwepe ushuru. Mnywaji aliendelea kununua chupa yake dukani, hakunyimwa wala hakuhubiriwa, na sukari ikapungua. Ushuru wa namna hiyo naweza kuutetea mbele ya mzee yeyote Matiliku.

Alama ya onyo nayo ni nyepesi zaidi, maana haimzuii mtu chochote. Chile ilianza mwaka wa 2016 kuweka umbo jeusi la pembe nane kwenye pakiti zenye sukari, chumvi, mafuta mabaya au nguvu kupita kiwango. Hata asiyejua kusoma analielewa. Nashangaa tunapoambiwa kwamba alama hiyo inaingilia uhuru. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake. Anayepinga alama anatetea uhuru wa nani, wa mnunuzi au wa muuzaji?

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba mimi ni shabiki wa kila amri inayotoka Nairobi. Nina mashaka yangu, na ni makubwa.

Shaka la kwanza ni kwamba sheria zetu hujua sana kumkamata mdogo. Kaunti ndizo zenye mamlaka ya kutoa leseni kwa wauza chakula, na askari wa kaunti humfikia upesi mama wa mandazi na kijana wa mayai na smoki. Sufuria inamwagwa, jiko linabebwa. Lakini chumvi iliyomo ndani ya smoki haikutiwa na huyo kijana. Ilitiwa kiwandani, penye mashine, wahasibu na mawakili. Sheria itakayoanzia kwa kijana na kuishia kwake ni bora isitungwe.

Shaka la pili linahusu mbinu ya kupiga marufuku. Mnamo Novemba 2019 shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Nilifurahi kuona meno ya sheria. Lakini sehemu kubwa ya mahindi yanayoliwa Makueni na Kitui hayapiti mbele ya KEBS. Yanatoka shambani, yanaingia ghalani, yanapelekwa kwa mashine ya kusaga kijijini, yanarudi nyumbani kwenye ndoo. Hakuna kibandiko wala mkaguzi. Na wengi waliokufa mwaka wa 2004 waliuawa na mahindi waliyoyalima wenyewe. Huko polisi hafai kitu. Kinachofaa ni turubai la kuanikia, kipimo cha unyevu kwenye ghala la ushirika, na ile dawa ya kuvu rafiki iitwayo Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka wa 2015, ambayo hunyunyizwa shambani ili kuvu isiyo na sumu iitangulie ile yenye sumu. Hiyo nayo ni kazi ya serikali, ingawa haionekani kwenye televisheni kama lori la unga likichomwa.

Kwa wasomaji mlio mjini mnaopokea gunia kutoka mashambani, hili mnaweza kulifanya leo. Mahindi hayafai kuwekwa ghalani kama unyevu umezidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi hadi zifike thuluthi moja, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi. Yarudishwe juani, juu ya turubai na si kwenye udongo. Ondoa punje zilizovunjika, zilizooza na zilizobadilika rangi, wala usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Na wale wanaodharau muthokoi wetu wa Kikamba kwamba ni chakula cha kizamani, wajue kwamba kukoboa ganda hupunguza aflatoksini, ingawa hakuimalizi.

Shaka langu la tatu ni lile la mama: kingine kiko wapi? Msimu wa maembe ukifika Makueni, yanaanguka na kuozea chini ya miti, na mwenye shamba anamlilia dalali bei. Kaunti ilijenga kiwanda cha matunda pale Kalamba, si mbali na Matiliku, na ni jambo jema. Lakini ingia duka lolote la soko msimu huo huo, utaona rafu nzima ya vinywaji vyenye rangi ya embe, sukari na maji. Mtoto akitoka shule na sarafu mkononi atanunua nini? Ukiniuliza pa kuanzia, ningeanza na watoto: kwanza maduka ya ndani ya shule, kisha matangazo ya soda na peremende yanayowalenga. Mtoto hatuwezi kusema amechagua.

Jikoni kwa mtu mzima, huko naafikiana na mzee kabisa. Hakuna mkaguzi anayepaswa kuonja mchuzi wa mke wake. Akipenda chumvi ya kumtoa machozi akiijua, ni yake na daktari wake. Serikali ikae kiwandani, bohari, kwenye pakiti na kwenye bei, ambako sisi wala hatufiki wala hatuoni.

Nilimweleza hayo yote nikiwa nimeegemea kaunta, na kiberiti changu mkononi. Hakukubali lote. Alisema ushuru ukipanda, kijana wa kazi ya mjengo ndiye atakayeumia, naye soda yake moja ndiyo starehe yake ya siku. Sikuwa na jibu la haraka kwa hilo.

Kisha nikamwonyesha jambo dogo. Nyuma ya pakiti nyingi huandikwa sodiamu badala ya chumvi. Ukizidisha sodiamu hiyo kwa mbili na nusu unapata chumvi. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu mbili za chumvi, karibu nusu ya haki yako ya siku nzima. Mzee akachukua pakiti ya majani ya viazi kwenye rafu yake mwenyewe, akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha. Herufi zilikuwa ndogo kama chawa, na zote za Kiingereza. Akaniomba miwani yangu.